Nilithibitishiwa kitanda cha kichanga kwa maandishi, siti ikauzwa: saa 16 na mtoto wa miezi saba mapajani

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazijaipoza, na naomba mnisome hadi mwisho, hasa wale wenye wake, dada au binti wanaojiandaa kusafiri mbali peke yao na watoto wachanga. Mwezi uliopita nilitoka Dar es Salaam kurudi Houston, Marekani, nikiwa na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miezi saba, baada ya kumpeleka Tanga akaonwe na bibi na babu yake. Mume wangu alitangulia kurudi kwa sababu likizo yake ya kazini iliisha, kwa hiyo mtu mzima nilikuwa peke yangu. Safari ilikuwa ya vipande viwili: saa sita hivi hadi uwanja mmoja mkubwa wa Ghuba, kusubiri saa nne, kisha saa 16 mfululizo hadi Houston. Kampuni ya ndege siitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yako mezani kwao.

Nianze na lililoniuma kuliko yote. Nilipokata tiketi nilimlipia mtoto asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi, kama ilivyo desturi ya kampuni nyingi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili anayepakatwa. Siku hiyohiyo nilipiga simu kuomba kitanda cha kichanga, yaani kile kinachopachikwa kwenye ukuta ulio mbele ya safu ya kwanza ya sehemu ya abiria, na baada ya siku mbili nikapokea barua pepe yenye namba ya siti yangu na maelezo kwamba ombi limethibitishwa kwa safari zote mbili. Kikomo chao cha uzito ni kilo 11, na mwanangu ana kilo 8. Niliichapa barua pepe hiyo na kuikunja ndani ya pasipoti yake, kwa sababu mama yangu alinifundisha kwamba karatasi ndiyo inayosema pale mtu anapokana.

Kutoka Dar kitanda nilikipata, mtoto akalala, nikaamini nimesafiri na watu wanaojua kazi yao. Kwenye geti la ndege ya pili, mashine ilikataa pasi yangu. Dada wa getini aliichukua, akaichana, akanipa nyingine yenye siti ya katikati, safu ya 38, baina ya abiria wawili. Nilipomwonyesha barua pepe aliisoma yote, akanirudishia, akasema mabadiliko yamefanywa na mfumo na kwamba nikifika ndani wahudumu watanisaidia. Nilipoingia ndani nilipita kwenye ile siti niliyoahidiwa. Alikuwa amekaa mwanamume mmoja mtu mzima, peke yake, amenyoosha miguu, na mbele yake ukuta una zile tundu mbili za kupachikia kitanda, zimefunikwa vifuniko vya plastiki. Nilimwomba kwa heshima tubadilishane. Alinionyesha kwenye simu yake risiti ya malipo ya ziada aliyolipia nafasi ya miguu. Yeye simlaumu hata kidogo, kwa sababu aliuziwa kitu akakinunua. Nawalaumu walionithibitishia siti kisha wakaiweka sokoni.

Naomba suala la usalama lisichanganywe na hili. Najua kwamba kitanda hakitumiki ndege inaporuka, inapotua wala inapotikisika, na kila nilipoambiwa nimtoe mtoto na kumpakata katika safari ya kwanza nilimtoa bila kulalamika. Najua pia kwamba vichanga wawili hawawekwi katika kundi moja la siti, kwa sababu barakoa za oksijeni za ziada huwa chache, mara nyingi moja kwa kila kundi. Lau ningeambiwa kuna kichanga mwingine pale, ningenyamaza na kwenda zangu safu ya 38. Kichanga hakikuwepo, na mhudumu alikiri kwamba kitanda chenyewe kilikuwemo ndegeni, kimekunjwa kabatini.

Saa 16 za kumpakata mtoto katika siti ya katikati ni jambo ambalo asiyelipitia ataliona dogo. Meza ya chakula haishuki, kwa sababu mtoto yuko mahali pake. Sinia la kwanza lilipoletwa nilimwambia mhudumu aniwekee kando nile baadaye, na baadaye hiyo haikufika. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi tangu saa ya nne, na kila nilipoubadilisha mtoto aliamka, na kila alipoamka mzee wa kushoto kwangu naye aliamka, akivuta pumzi kwa nguvu bila kusema neno. Nilikuwa natokwa jasho kwa aibu ya kosa lisilokuwa langu.

Ilipofika saa ya saba nilikuwa sijaenda chooni tangu getini. Nilimfunga mwanangu mgongoni kwa kanga, mbeleko yetu ya siku zote, nikaenda hadi nyuma na kumwomba mhudumu anishikie mtoto kwa dakika tatu tu. Alijibu kwamba taratibu haziwaruhusu kushika watoto wa abiria. Nikauliza, basi mama aliye peke yake hufanyaje? Akasema wengi huingia nao. Ukiwa na mtoto mgongoni mlango wa choo kile haufungi, kwa hiyo nilimfungua nikiwa nimesimama kwenye njia. Ubao wa kubadilishia nepi hushuka juu ya choo chenyewe, ikimaanisha kwamba ukimlaza mtoto huwezi kukaa, na ukitaka kukaa huna pa kumlaza. Nilimshikilia kifuani kwa mkono mmoja, ndege ikiyumba, kichwa chake kikiwa inchi chache kutoka kwenye ukingo wa sinki, huku mkono mwingine ukihangaika na nguo zangu. Alipapasa akabonyeza kitufe cha maji, mvumo ule ukamshtua, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake. Nami nililia, na sioni haya kuliandika hapa.

Nilipotoka, mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akienda kumwona mwanawe alikuwa amesimama mlangoni. Aliniambia, "Nipe huyo mtoto, mwanangu, rudi ndani ukanawe uso, nami nipo hapahapa." Tangu hapo alikuja kila baada ya saa mbili, mwanamke wa makamo mwenye magoti mabovu, akitembea kutoka safu ya 22 hadi ya 38 kunipokea mtoto ili nile kipande cha mkate. Mwenyezi Mungu amlipe. Lakini tafakarini maana yake: usalama wa kichanga na utu wa mama yake, kwa saa tisa zilizobaki, vilitegemea bahati ya kupanda ndege moja na mtu mwenye huruma. Kama asingekuwemo, ningemkabidhi nani mwanangu?

Kabla ya hayo, wakati wa kuunganisha ndege, yalinikuta mawili mengine ambayo nitayaeleza kwa ufupi. Kigari cha mtoto kilichofungwa kibandiko cha kukabidhiwa mlangoni pa ndege hakikuletwa. Nikaambiwa kimeunganishwa moja kwa moja hadi Houston, nami nikatembea uwanja mzima na mtoto mgongoni na begi begani, kutoka kwenye basi la uwanjani hadi geti la mbali. Kisha kwenye ukaguzi wa usalama nilitakiwa kumfungua mtoto aliyelala, sawa, nikamfungua. Ila ofisa alizitoa chupa zangu tatu za maziwa niliyoyakamua, zilizokuwa kwenye mkoba wa barafu, akasema zimezidi mililita 100. Sharti hilo la vimiminika vya mkononi kutozidi mililita 100 kwa chupa lilianza mwaka 2006, na nchi nyingi zimetenga maziwa ya watoto nje yake. Marekani, nilikokuwa nakwenda, hata ina sheria ya mwaka 2016 kuhusu ukaguzi wa maziwa ya mama na vifaa vya kukamulia. Nilimweleza. Alimimina chupa mbili kwenye ndoo mbele yangu, ya tatu akaniachia baada ya msimamizi wake kufika. Akina mama wanaokamua wanajua mililita 300 ni kazi ya muda gani.

Kigari kilifika Houston gurudumu la mbele limevunjika na fremu imepinda. Kwa hilo walau nilikuwa macho: Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ule wa kimataifa kuhusu usafiri wa ndege, unatoa siku 7 tangu kupokea mzigo ulioharibika kupeleka malalamiko kwa maandishi, nami niliyapeleka siku ya pili pamoja na picha.

Sasa jibu lao. Lilikuja baada ya siku 11. Limeanza kwa kuniita "Bwana", likaomba radhi kwa "usumbufu wowote niliouona", likanipa maili za zawadi, na kuhusu kitanda limesema hutolewa kulingana na upatikanaji. Neno hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Kitanda kilipatikana. Ukuta wa kukipachika ulipatikana. Mtoto wa kulala ndani yake alipatikana, na amelipiwa. Kilichokosekana ni siti, na siti haikupotea, iliuzwa na haohao wanaoniandikia. Kutumia neno la uhaba mahali ambapo kuna biashara ni kunidanganya mara ya pili.

Ninachodai si hisani. Nadai kwamba siti za safu ile zisiuzwe kwa nafasi ya miguu hadi ithibitike kwamba hakuna kichanga aliyeombewa kitanda, na kwamba taratibu zao ziseme wazi ni nani anayemshika mtoto wakati mzazi aliye peke yake anapokwenda chooni katika safari ya saa 16. Wamekubali kuniuzia tiketi mimi na kichanga tu, bila mtu wa pili. Maana yake walijua tangu siku hiyo kwamba nitakuwa na mikono miwili pekee. Kampuni zinazoruka kuingia na kutoka Marekani zinatakiwa kukiri kupokea malalamiko ya maandishi ndani ya siku 30 na kuyajibu kwa hoja ndani ya siku 60, na barua ya maili za zawadi siihesabu kuwa jibu la hoja.

Barua yangu ya pili, yenye nakala kwa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, inaondoka Jumatatu. Mama yeyote aliyethibitishiwa kitanda kwa maandishi kisha akanyimwa getini naomba aandike hapa chini alikuwa na mtoto wa umri gani, safari ilikuwa ya saa ngapi, na aliambiwa maneno gani hasa, bila kutaja jina lake wala la mtoto. Nitayaambatanisha kama yalivyo.