Naomba ushauri: vifaa vya kuhifadhi data na nakala rudufu kwa ofisi ndogo ya uhasibu

MhasibuPwani (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Ninasimamia ofisi ndogo ya uhasibu hapa Tanga yenye watumishi watano, kompyuta za mezani tatu na laptopu mbili. Kazi yetu ni kutunza vitabu vya wafanyabiashara, kuandaa ritani za kodi na kufunga hesabu za mwaka. Data tuliyonayo imefikia takriban GB 700, na sehemu kubwa ni ankara na risiti za EFD (mashine za kielektroniki za kutolea risiti) zilizoskaniwa, mafaili ya programu za uhasibu za QuickBooks na Tally, pamoja na mikataba ya wateja. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka 5, na kila anayefanya kazi hii anajua kuwa karatasi ya risiti ya EFD hufifia hadi isisomeke, hivyo picha tuliyoskani ndiyo inayobaki kuwa ushahidi wa mteja siku akikaguliwa.

Hadi sasa kila mtumishi anahifadhi kazi kwenye kompyuta yake, na nakala rudufu tunaiweka kwenye eksteno (diski ya nje) moja ya TB 1 iliyochomekwa muda wote kwenye kompyuta ya mapokezi. Wiki iliyopita eksteno hiyo ilianza kutoa mlio wa kugongagonga, ikawa inachelewa sana kuonekana kila ikiwashwa, na baadhi ya folda zikawa zinafunguka tupu. Mafaili ya asili bado yapo kwenye kompyuta, ila nimeona tupange jambo hili upya kabla msimu wa ritani za Juni haujatukuta.

Madukani nimepewa ushauri wa aina tatu. Wa kwanza aliniambia ninunue kifaa cha NAS chenye diski mbili, kile kisanduku kinachounganishwa kwenye ruta ili ofisi nzima itumie hifadhi moja. Wa pili alisema zama za hadidiski zimekwisha, ninunue SSD za nje, yaani hifadhi zinazotumia chipu badala ya diski inayozunguka. Wa tatu alinitaka niachane na vifaa kabisa nilipie hifadhi ya wingu. Bajeti yetu ni kati ya shilingi milioni 2 na nusu na milioni 3, pamoja na UPS, ile betri ya akiba umeme unapokatika. Ofisi iko karibu na bahari, umeme hukatika na kurudi kwa nguvu, na hatuna mtumishi wa TEHAMA. Intaneti yetu hupakia kwa Mbps 10 pale inapokuwa nzuri.

Naomba ushauri wa watu wanaozisimamia hifadhi hizi kila siku. Natanguliza shukrani.

FundiNgamiani

Ndugu mleta mada, kabla ya kununua chochote, chomoa hiyo eksteno inayogonga na usiiwashe tena. Mlio wa namna hiyo kwa kawaida unatokana na kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata mahali pake, na kila diski inapozunguka katika hali hiyo inaweza kukwaruzika zaidi. Kwa kuwa mafaili ya asili unayo, huna sababu ya kuihangaikia. Tambua tu kwamba hivi sasa ofisi yako haina nakala rudufu hata moja, kwa hiyo nunua eksteno mpya ya TB 2 leo hii, nakili hizo GB 700, kisha tuendelee kujadili mengine kwa utulivu.

Aliyekwambia zama za hadidiski zimekwisha amezungumzia matumizi mengine. SSD haina kitu kinachozunguka, ni ya haraka na inastahimili kuanguka, hivyo ndiyo ninayoipendekeza ndani ya kompyuta zenu za kazi. Kwa nakala inayokaa kabatini kwa miaka siiamini kiasi hicho, kwa sababu data ndani yake hushikiliwa na chaji ya umeme ambayo huvuja polepole ikiachwa bila kuwashwa. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya kielektroniki, kwa SSD za kompyuta za kawaida kinataka ihifadhi data mwaka 1 bila umeme katika nyuzi 30 za Selsiasi, ikiwa imeshaandikwa hadi mwisho wa uhai wake uliokadiriwa. SSD mpya hukaa zaidi ya hapo, lakini kabati la chuma la Tanga mwezi Februari lina joto kuliko nyuzi hizo. Hadidiski kwa ujazo uleule ni nafuu, na mara nyingi hutoa dalili kabla ya kufa kama hii yako ilivyofanya.

Mkiamua kununua NAS, msikubali diski yoyote mradi inaingia kwenye tundu. Zipo diski za SMR, ambazo njia zake za kuandikia hupandiana kama vigae vya paa, na ukitaka kubadilisha njia moja inabidi diski iandike upya na zile za jirani. Kwenye NAS hilo huleta uzito mkubwa hasa diski moja inapokufa na mpya inapojazwa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuambiwa. Kwa sasa tafuteni WD Red Plus au Seagate IronWolf, ambazo ni CMR, yaani njia zake hazipandiani, na msome namba kamili ya modeli kwenye lebo ya diski yenyewe, kwa maana muuzaji anaweza kuwaonyesha boksi tu.

UPS iwe na tundu la USB la kuwasiliana na NAS, ili betri ikikaribia kwisha NAS ijizime yenyewe kwa utaratibu. Msichomeke printa kubwa ya leza kwenye UPS hiyo, kwani inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mara moja.

BiHesabu_Mombasa

Mleta mada, nami nina ofisi ya uhasibu huku Mombasa ya ukubwa kama wa kwenu, na Kenya nasi tunatakiwa kutunza kumbukumbu za kodi kwa miaka 5. Naheshimu maelezo ya fundi, ila naomba nitofautiane naye kwa upole kuhusu NAS. Umesema mwenyewe kuwa hamna mtumishi wa TEHAMA. NAS ni kompyuta kamili, inahitaji masasisho, nenosiri lililofikiriwa vizuri, na mtu wa kusoma barua pepe inayotoa onyo kwamba diski namba 2 inaharibika. Januari 2022 vifaa vingi vya NAS vya kampuni ya QNAP vilivyokuwa wazi kwenye intaneti vilivamiwa na programu haribifu ya Deadbolt, ikayafunga mafaili kwa usimbaji na kudai malipo ya Bitcoin. Walioumia wengi walikuwa watu kama sisi, waliofungua njia kwenye ruta ili waweze kufikia kazi zao wakiwa nyumbani.

Jambo la pili ambalo madukani halisemwi ni kwamba diski mbili ndani ya NAS, zikipangwa kwa RAID 1, yaani kila kitu kiandikwe kwenye zote mbili kwa pamoja, zinakulinda dhidi ya kufa kwa diski moja tu. Mtumishi akifuta folda ya mteja kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili sekunde ileile. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote mbili. Nimewahi kumsikia mwenzetu wa kazi akisema kwa uhakika kabisa kwamba ana nakala mbili, na zote zilikuwa ndani ya boksi moja juu ya meza moja.

Mimi natumia eksteno mbili za TB 2 zilizofungwa kwa BitLocker, programu ya Windows ya kuifunga diski isisomeke bila nenosiri, zenye lebo A na B. Moja iko ofisini na nyingine iko kwangu nyumbani, na kila Ijumaa zinabadilishana. Eksteno inachomekwa, inanakili, inachomolewa. Kirusi hakiwezi kukifunga kitu ambacho hakijachomekwa.

Angalizo la kazi yetu: msinakili faili la QuickBooks lenye kiambishi cha QBW wakati mtumishi amelifungua, kwa sababu nakala inaweza kutoka ikiwa na kasoro na msilijue hilo hadi siku mtakapoihitaji. Tumieni amri ya kutengeneza nakala rudufu iliyo ndani ya programu yenyewe, inayotoa faili la QBB, kisha hilo ndilo mlihamishe. Tally nayo ina amri yake. Waambieni watumishi wafunge mafaili ya kampuni zote kwenye programu saa kumi na moja kamili jioni, nakala ndiyo ianze.

MzeeWaSeva

Ndugu zangu, nyote wawili mna hoja, na naona hazipingani. NAS inamtatulia mleta mada tatizo la kazi kutawanyika kwenye kompyuta tano, na hilo ni tatizo halisi, kwa sababu nakala rudufu ya vitu vilivyotawanyika daima huacha kimoja nyuma. Lakini ikishawekwa, NAS ndiyo mahali pa asili pa kazi, na bado anahitaji nakala mbili nje yake. Kanuni inayojulikana kama 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh, inataka nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, na moja iwe mbali. Hiyo ya mbali ndiyo inayopuuzwa. Machi 10, 2021, jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg liliteketea kwa moto, na baadhi ya wateja walipoteza pia nakala rudufu kwa kuwa nazo zilikuwa palepale. Kampuni kubwa ya Ufaransa yenye mitambo ya kisasa ilipatwa na hilo, sembuse chumba chenye kompyuta tatu.

Kuhusu wingu, piga hesabu kwanza. GB 700 kwa Mbps 10 za kupakia zinahitaji takriban siku 6 na nusu mfululizo, usiku na mchana, bila kukatika. Hilo linawezekana kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo mnapakia mabadiliko pekee, ila siku mtakayotaka kurejesha kila kitu mtasubiri pia. Kwa hiyo wingu liwe nakala ya mbali ya folda muhimu, na msilifanye tegemeo la pekee. Tena tofautisheni huduma za kusawazisha mafaili, kama Google Drive na OneDrive, na huduma za nakala rudufu. Ya kusawazisha hupeleka kila badiliko juu, likiwemo kosa, na faili lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka kwa muda wenye kikomo.

Mkumbuke pia kwamba hizi ni taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 2023, nayo imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Ongeeni na mwanasheria wenu kabla ya kupakia vitambulisho na mishahara ya watu kwenye seva iliyo ng'ambo, na chochote kinachopakiwa kisimbwe kwanza, yaani kigeuzwe kisisomeke bila ufunguo, kwenye kompyuta yenu, ufunguo mkiushika ninyi.

Kibarua_wa_Data

Naongeza dogo kuhusu ununuzi. Sokoni kuna flashi na SSD za nje zinazoandikwa TB 2 na kuuzwa kwa bei ya chakula cha siku mbili, ilhali ndani mna GB chache tu, na programu yake ya ndani imerekebishwa ili kompyuta ione ujazo wa uongo. Ukishajaza ile nafasi halisi, mafaili yanayofuata huonekana kwa majina lakini hayafunguki. Kabla ya kuweka data ya mteja, ijazeni kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huandika hadi mwisho na kusoma tena. Ila mkiona diski ya TB 1 inaonyesha GB 931 kwenye Windows, msimrudishie muuzaji, kwani hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu kati ya kiwanda na Windows.

MhasibuPwani (mleta mada)

Nawashukuru sana wote. Eksteno mpya ya TB 2 nimeinunua jana, nimeipima kama nilivyoelekezwa, na nakala imekamilika usiku. Baada ya kusoma maelezo yenu, mwelekeo wangu ni huu: NAS ya diski mbili za TB 4 za CMR, isiyofikika kutoka nje ya ofisi, ikiwa na UPS yake, eksteno mbili za kubadilishana kila Ijumaa, moja ikikaa nyumbani kwangu, na wingu nitalianza na mafaili ya hesabu tu, bila risiti zilizoskaniwa, baada ya kuonana na mwanasheria. Nimebakiwa na maswali mawili. Nitajuaje kwamba nakala inayotengenezwa kila Ijumaa ni nzima? Na ile eksteno inayogonga, ambayo bado ina dhamana, naweza kuirudisha dukani nibadilishiwe?

MzeeWaSeva

La kwanza ni kurejesha, hakuna njia nyingine. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandika programu, alifuta hifadhidata kwa bahati mbaya, na walipogeukia nakala zao, kati ya njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyofanya kazi inavyotakiwa. Walinusurika kwa nakala moja iliyokuwa imetengenezwa saa 6 kabla. Kila mwezi chagua mteja mmoja, rejesha faili lake kutoka kwenye eksteno hadi kwenye laptopu isiyo na kazi yake, lifungue ndani ya QuickBooks, ulinganishe salio la benki na lile lililoko kwenye faili la kazi. Kuona majina ya mafaili kwenye orodha hakutoshi. Na namba ya kufungulia BitLocker ichapishwe, ikae mahali tofauti na diski yenyewe, mtu wa pili ofisini akijua ilipo.

FundiNgamiani

La pili naomba usiirudishe, mleta mada. Umesema ilikuwa imechomekwa tu mapokezi, na hukutaja kuwa ilifungwa kwa nenosiri, kwa hiyo hesabu za wateja wako wote zinasomeka kwa yeyote atakayeifanyia matengenezo. Kwa hali yake huwezi kuifuta kwa uhakika. Thamani ya dhamana ni ndogo kuliko hatari hiyo. Ifungue, toa sahani za ndani zinazobeba data, uzivunje mwenyewe. Ila sahani za diski nyingi za inchi 2.5 ni za kioo, na hupasuka kwa kurusha vipande, kwa hiyo zifunge ndani ya kitambaa kizito na uvae miwani ya kinga kabla ya kushika nyundo.