Stoo ya mawe ya makumbusho au kulogi kori mgodini? Naombeni ushauri wakuu

#1 Mwamba_Mgeni
Habari zenu wakuu. Nimemaliza jiolojia, mtaani nimekaa mwaka na ushee nikisukuma bahasha. Wiki hii simu zimelia mbili. Ya kwanza ni makumbusho: wana chumba cha mawe, madini na visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) vya tangu enzi za mkoloni, wanataka mtu wa kuvipanga, kuvipa namba na kuviingiza kwenye kompyuta. Ya pili ni kulogi kori za dhahabu Kanda ya Ziwa, yaani kukagua na kuandika vipande vya mwamba vinavyotolewa ardhini na mashine ya kuchoronga. Moyo uko kwenye ya kwanza, tumbo liko kwenye ya pili. Ijumaa natakiwa kujibu. Mngekuwa nyie mngeenda wapi?

#2 Chalinze_Boy
Mgodini. Uzi ufungwe.

#3 MamaSalha
Mdogo wangu, hapo tukushauri nini sasa? Mkataba wa muda gani? Wanakulipa ngapi huku na ngapi kule? Makumbusho yako mkoa gani, na hela ni ya serikali au ya mradi? Una familia? Watu mnaleta nusu ya habari halafu mnataka ushauri mzima.

#4 Tundu_la_Kori
Na huko mgodini, unaajiriwa na mgodi wenyewe au na mkandarasi wa uchorongaji? Hizo ni dunia mbili tofauti. Ukinijibu hilo nitarudi.

#5 Mwamba_Mgeni
Samahani wakuu. Makumbusho ni Dar, miezi 12, posho laki nne na nusu, hela ya mradi. Mgodini ni mkandarasi, miezi sita, "unaweza kuongezwa". Milioni moja na laki mbili kabla ya makato, kulala na kula kambini. Sijaoa.

#6 Tundu_la_Kori
Nilijua tu ni mkandarasi. Bado nasema nenda. Nimelogi kori miaka saba, nakwambia hakuna shule kama ile. Box linakuja na matope, unaliosha, unapanga vipande vikutane kama vilivyotoka ardhini, unapima futi kwa futi... mita, samahani, siku hizi ni mita. Unalowesha na maji ndipo rangi zinajitokeza, unashika lensi, unatafuta kwarzi na salfaidi, madini ambayo mara nyingi huambatana na dhahabu. Baada ya mwezi jicho linabadilika. Unaanza kuona jiwe kama mtu anavyosoma gazeti.

Ubaya wake ni huu: mashine ya kuchoronga ikisimama, na wewe umesimama. Mara tatu nimerudishwa nyumbani kwa ujumbe wa simu. Lakini CV yenye kori inaeleweka kila mahali, kuanzia Geita mpaka Ghana. CV yenye "nilipanga mawe kabatini" utaieleza mpaka ukauke koo.

#7 Dada_wa_Boma
Kaka Tundu, nimecheka kwa uchungu. Nafanya kazi ya makusanyo, mkoa nauficha. Ngoja nimwambie huyu kijana "kupanga mawe kabatini" maana yake nini.

Jiwe likiingia, kwanza linapewa namba. Namba hubandiki kwa selotepu. Unapaka doa dogo la Paraloid, aina ya gundi ya plastiki, iliyoyeyushwa kwa asetoni, sehemu isiyo na umuhimu, likikauka unaandika kwa wino na kalamu ya ncha nyembamba, halafu unapaka tabaka lingine juu. Ukikosea, asetoni inafuta na jiwe halijaumia. Namba hiyohiyo inakaa kwenye kadi ndani ya trei, kwenye rejista ya mkono na kwenye kompyuta. Siku moja inatosha mawe 30 ukiwa na bahati, kwa sababu nusu ya siku unasoma mwandiko wa mtu aliyekufa zamani. Mimi kuna lebo ilinichukua wiki mbili. Niliyodhani ni "Kondoa" ilikuwa "Kilosa".

Halafu Dar ina jambo lake: unyevu. Hiyo pairaiti ambayo wengine mnaiita dhahabu ya wajinga, hewa ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 60 inaanza kuoza. Ndiyo, jiwe linaoza. Unafungua droo unapigwa na harufu kali ya kiberiti, unakuta unga wa kijivu na njano, na asidi imeshakula boksi na lebo. Kisukuku cha miaka milioni 100 na zaidi kinageuka vumbi kwa sababu kiyoyozi kiliharibika na mtu wa manunuzi yuko likizo. Sasa niambie hiyo kazi haihitaji mjiolojia.

#8 Chalinze_Boy
Kwa hiyo dada yangu digrii miaka minne ni ya kunusa droo 😂

#9 Dada_wa_Boma
Ya kunusa, na ya kujua droo gani usiinuse. Yenye mawe ya urani inatoa radoni, gesi yenye mionzi, kabati lake linatakiwa lipitishe hewa nje ya chumba. Kuna asbesto, kuna sinaba yenye zebaki. Mlinzi asiyejua analala kwenye chumba hichohicho mchana akitafuta ubaridi. Cheka tu.

#10 Mzee_wa_Kabati
Nimesoma yote kimya, niseme la kwangu. Jina la taasisi silitaji, na wengi wa wakati ule wameshatangulia.

Nilikuwa msaidizi wa stoo ya mawe. Makabati 14 ya mbao, kila droo ina vikasha vya karatasi, ndani ya kila kikasha jiwe na kilebo chake kilichoandikwa kwa wino. Siku moja ikaja habari kwamba kuna mgeni mkubwa atatembelea. Mkuu wa utawala, mtu msafi sana, suti yake hata jua la mchana haikunjuki, akaingia stoo akapitisha kidole juu ya droo. Kidole kikatoka cheusi. Akasema hapa ni aibu.

Mimi nilikuwa na ruhusa ya msiba, siku nne. Kumbe ameita vibarua sita na makarai. Wametoa mawe yote nje uani, wameyaosha kwa maji na sabuni ya unga, wameyaanika kwenye turubai juani, na jioni wameyapanga upya kwenye vikapu vipya vya plastiki kwa rangi! Meupe na meupe, meusi na meusi, yanayong'aa mbele ili mgeni ayaone. Vikasha vya zamani vilichomwa, vilikuwa na mende.

Nimerudi nakuta karai moja bado lina maji, na chini kuna kitu kama uji. Ndizo lebo. Zilizobaki zilikuwa zimekauka kwenye turubai, wino umekuwa wingu la buluu. Kulikuwa na bonge la magadi kutoka Ziwa Natron, kubwa kama kichwa cha mbuzi. Nililitafuta saa nzima. Kibarua mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Mzee, lile jeupe liliisha lenyewe tukilisugua." Limeyeyuka, bwana.

Mgeni alikuja. Alikaa stoo dakika tano, akasema pako safi.

Miaka kadhaa baadaye akaja mtafiti kijana, anatafuta sampuli kutoka mgodi wa zamani ambao shimo lake limeshajaa maji, hakuna anayeweza kushuka tena. Kwenye rejista sampuli zipo, tisa, na kina ilikotolewa kila moja. Tukasimama mbele ya kikapu cha mawe meusi, mimi na yeye. Zilikuwemo humo, nina hakika. Zipi, Mungu ndiye anajua. Alikaa siku mbili akijaribu, akaondoka.

Kwa hiyo kijana, ukienda, swali lako la kwanza lisiwe posho. Uliza funguo za stoo anakaa nazo nani.

#11 MamaSalha
Shikamoo mzee. Hiyo ya magadi nimeisoma mara mbili, nimemsomea na mume wangu.

#12 Mzee_wa_Kabati
Marahaba mama.

#13 Chalinze_Boy
Sasa mzee si ndiyo umenisaidia hoja? Sisi vitu vyetu tunaviosha kwa Omo, halafu tunalalamika mifupa ya dinosaria iko Berlin. Si bora ikae hukohuko.

#14 Mtoto_wa_Lindi
Chalinze taratibu. Mimi kwetu si mbali na Tendaguru, huko Lindi mifupa hiyo ilikotoka. Mjerumani alichimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wakatoa mifupa zaidi ya tani 200, zikabebwa na babu zetu vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Yule mrefu wamemsimamisha Berlin, mita 13 na kitu, watu wanalipa kiingilio kumwona. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, Mwafrika, sasa nenda Lindi uulize watoto kama wanamjua. Kiingilio kile sisi tunapata shilingi ngapi?

#15 Dada_wa_Boma
Na siyo mifupa yote imefunguliwa huko Berlin. Kuna mizigo ilifungwa kwa plasta na mianzi wakati ule na imekaa miongo na miongo bila kufunguliwa. Kufungua mzigo mmoja ni kazi ya miezi, unatoa mwamba punje kwa punje na kichombo cha upepo kinacholia kama cha daktari wa meno. Hiyo nayo ni ajira, kutayarisha visukuku, na watu wake ni wachache mno kwetu. Mimi nadai ujuzi huo kabla ya kudai mifupa.

#16 Mtoto_wa_Lindi
Dada hapo ndipo tunapokosana. Ukisubiri ujuzi kwanza hutarudishiwa kitu. Fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mtafiti Mary Leakey kalipata Oldupai 1959, limerudi nchini 1965, je mwaka huo tulikuwa na wataalamu wangapi? Lipo Dar mpaka leo, halijaliwa na mchwa.

#17 Chalinze_Boy
Fuvu moja na mnyama wa mita 13 ni mzigo mmoja? Paa la kumweka liko wapi?

#18 Wa_Kasarani
Jirani zangu, salamu kutoka Nairobi. Huyu kijana asiambiwe ni lazima karatasi nyingi. Kamoya Kimeu wetu aliishia shule ya msingi. Alianza kama kibarua wa akina Leakey huko kwenu Oldupai, akawa bingwa wa kutafuta visukuku. Mwaka 1984 yeye ndiye aliona kipande cha fuvu pale Nariokotome, na kikageuka kuwa yule Kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa binadamu wa kale. Mwaka uliofuata akapewa medali Ikulu ya Marekani na Reagan mwenyewe. Macho, bwana. Macho na subira.

#19 Tundu_la_Kori
Kamoya ni mmoja. Walioshika sululu pamoja naye na hawakupewa medali ni wangapi? Hizi hadithi za mtu mmoja ndizo zinawapoteza vijana. Turudi kwenye laki nne na nusu. Dar. Chumba, nauli, chakula. Mwenye kikokotoo atoe.

#20 MamaSalha
Chumba cha laki moja Mbagala au Chanika, na wenye nyumba wengi wanataka miezi sita mbele. Nauli kwenda na kurudi, chakula cha mama lishe mchana... Inatosha kama hana anayemtegemea. Mwamba, una anayekutegemea?

#21 Mwamba_Mgeni
Nimesoma yote wakuu, asanteni, mzee asante sana. Mama, nina mdogo wangu kidato cha tatu, ada namsaidia mimi. Halafu kuna kitu nilisahau kusema: makumbusho wamesema mradi ukiisha "wanategemea" kutangaza nafasi ya kudumu kupitia Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali. Na mgodini wanataka niende na leseni ya udereva, sina.

#22 MamaSalha
SASA NDIYO UNASEMA?

#23 Tundu_la_Kori
"Wanategemea" kwenye Ajira Portal maana yake usaili wa maandishi, watu mia kwa nafasi moja, na wewe uliyepanga mawe yote unaitwa kama wengine. Usiliweke kwenye hesabu. Leseni ni wiki chache ukikomaa, omba wakusogezee tarehe.

#24 Dada_wa_Boma
Lakini kwenye usaili wakimuuliza jiwe namba fulani liko droo gani, nani mwingine atajibu?

#25 Fundi_Songwe
Samahani kwa kuingilia uzi, naona hapa kuna wataalamu wa mawe. Mimi niko Mbozi, si mbali na kile kimondo cha tani 16. Nimeokota jiwe jeusi shambani, zito kuliko ukubwa wake, sumaku inashika. Litakuwa kipande cha kimondo? Na bei zake zikoje?

#26 Chalinze_Boy
Huyo hapo. Kila uzi wa mawe lazima aje mmoja.

#27 Mwamba_Mgeni
Fundi, usilivunje kwanza wala usiliweke moto. Chukua kigae kilichovunjika, geuza upande wa nyuma usio na ung'avu, likwaruze pale kwa nguvu kidogo. Likiacha alama nyeusi, hiyo huenda ni magnetaiti ya kawaida, madini ya chuma. Alama ya kahawia inayoelekea wekundu ni hematiti, nayo madini ya chuma. Kimondo mara nyingi hakiachi alama yoyote ya maana. Angalia pia kama lina vitundu vya povu kama mkate, hiyo ni takataka ya kuyeyushia chuma, wahunzi wa zamani waliacha nyingi. Na ukimaliza, andika kwenye karatasi uliliokota wapi hasa, shamba gani, kina gani, tarehe gani, uikunje uiweke na jiwe kwenye mfuko mmoja. Penseli, siyo kalamu ya wino.

#28 Mzee_wa_Kabati
😄 Penseli.

#29 Fundi_Songwe
Nimekwaruza, alama nyeusi kabisa. Asante mkuu. Sasa hiyo magnetaiti unainunua wewe au nimtafute mtu mwingine? Ninayo mengi, debe zima.