Mteja anataka bima ya "ekses" mpaka bilioni 2 kabla rigi haijaingia saiti, hii ni bima gani?

mchimbaji_dom:
Wakuu habari za muda huu. Nina kampuni ndogo ya kuchimba visima vya maji hapa Dodoma, rigi moja na kampresa yake. Tumepata kazi ya visima vinne ndani ya eneo la mgodi, mkataba wao unataka niwe na bima ya dhima kwa watu wengine isiyopungua milioni 500 halafu juu yake niweke "ambrela au ekses" mpaka jumla ifike bilioni 2. Sasa mimi ekses ninayoijua ni ile ya gari, ukigonga bima wanalipa ila kuna hela unatoa mwenyewe kwanza. Jamaa anayenikatiaga bima alisema atanitafutia, leo siku ya tatu kimya na rigi inatakiwa saiti Jumatatu ya wiki ijayo. Hizi ni bima mbili au moja, na ipi inanifaa mimi?

broka_mkongwe:
Mkuu pole, hilo neno ekses linawachanganya wengi. Ekses ya gari ni ile hela unayobeba mwenyewe. Hii anayoitaka mteja ni tabaka la juu, yaani bima ya pili inayokaa juu ya ile ya kwanza na inaanza kulipa pale ya kwanza inapoishia. Mfano mlingoti wa rigi umeangukia jengo la watu na hasara ni milioni 800, bima ya chini inatoa milioni 500, tabaka la juu linatoa 300 zilizobaki.

Ambrela nayo inakaa juu hivyohivyo ila ni pana zaidi, inaweza kukaa juu ya bima zako kadhaa kwa pamoja (dhima kwa watu wengine, thadipati ya gari, dhima ya mwajiri) na kuna mambo ambayo bima ya chini haiyagusi yeye anashuka kuyalipa, baada ya wewe kutoa kiasi mlichokubaliana. Ekses ya kawaida haina hiyo huruma, inafuata masharti ya bima ya chini, kwa hiyo kama chini wamekataa uchafuzi wa maji na juu wamekataa, hata ungenunua bilioni 10. Ila usiamini jina la kwenye karatasi ya mbele, kuna ambrela ukizisoma ndani ni ekses tupu.

Halafu hili naomba ulisome mara mbili. Tabaka la juu linaandikwa linaanzia wapi. Ukisema chini una milioni 500 halafu mwakani ukaishusha mpaka 300 ili upunguze premiamu (hela unayolipia bima), ile 200 ya katikati ni yako wewe, wa juu hasogei hata shilingi. Na vijana wako, pamoja na vibarua unaowachukua kijijini, hawamo kwenye bima hii ya watu wengine, hao ni WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), wasajili.

fundi_rigi_nax:
Mimi naongezea kilichonikuta, niko Nakuru. Rigi yetu imefungwa kwa lori kama za wengi. Tulikuwa tunachimba jeki moja ikazama kwa udongo laini rigi ikalalia ukuta wa jirani. Bima ya gari wakasema lori halikuwa linaendeshwa, lilikuwa linafanya kazi kama kifaa, hiyo si yetu. Bima ya dhima nao wakasema hilo ni gari lina namba, peleka kwa bima ya gari. Nililipa ukuta na matibabu ya mzee aliyeumia mguu kutoka mfukoni na bado inaniuma kwa sababu premiamu zote mbili nilikuwa nimelipa kwa wakati. Kabla hujanunua hata hiyo ya juu waandikie wote wawili uwaulize rigi ikiwa imesimama inachimba ni nani anabeba, na wakujibu kwa maandishi.

mama_mikataba:
Ndugu mchimbaji, wenzangu wameongelea bima, mimi naomba usome mkataba wenyewe kipengele cha nani anabeba nini. Tarehe 20 Aprili 2010 rigi ya Deepwater Horizon ililipuka Ghuba ya Mexico wakafa watu 11. Rigi ilikuwa ya Transocean, kisima cha BP. Transocean alikuwa na bima ya chini ya dola milioni 50 na matabaka ya ekses juu yake ya dola milioni 700. BP akadai na yeye anahesabika kwenye bima hizo kwa mafuta yaliyomwagika. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Texas na Februari 2015 ikaamua hapana, kwa sababu mkataba wa uchimbaji ulimpa Transocean uchafuzi unaoanzia juu ya uso wa ardhi au maji tu, wa kutoka chini kwenye kisima ni wa BP, na bima ilimfuata BP pale tu Transocean alipokubali kubeba.

Kwahiyo mkuu angalia kama mgodi wamekuandikia ubebe "madhara yote ya aina yoyote", na kama wanataka jina lao liingie kwenye bima yako. Omba libadilishwe, dizeli yako ikimwagika au hozi ikipasuka ikaumiza mtu ni juu yako sawa, lakini yaliyomo ardhini kwao wabebe wao.

mchimbaji_dom:
Asanteni sana. Nimetoa polisi yangu (hati ya bima) kabatini, uchafuzi wanalipa kama ni wa ghafla tu, maji ya chumvi yakipenya taratibu mpaka kisima cha jirani hawamo. Na milioni 500 ni ya mwaka mzima sio kwa kila tukio, hiyo ina shida?

broka_mkongwe:
Ina shida ndio, tukio la Machi likila 400 basi mpaka mwaka uishe chini umebaki na 100. Uliza tabaka la juu kama litashuka pale ya chini ikiisha kwa madai halali, nzuri zinashuka. Hilo la chumvi jikinge kwa kazi yenyewe, ziba vizuri na saruji nyuma ya kesingi (bomba la kuta za kisima) pale juu na utunze rekodi. Njoo inbox nikusaidie kusoma kabla ya Ijumaa, na usipeleke rigi kabla hujalipa premiamu na kupata kavanoti (hati ya kuonyesha bima imeanza), hakiki na TIRA (mamlaka ya bima) kwanza.