Masista na karo: je, shule za Loreto zingali za binti wa maskini?

Mleta mada, Nakuru

Hodi humu. Jumapili iliyopita tulibaki nje ya kanisa tukibishana mpaka chai ikatupoea mkononi. Mzee mmoja alikuwa amesema: masista waliweka nadhiri ya ufukara, lakini shule zao ni za matajiri. Naona mzee amekosea nusu na amepatia nusu.

Nichukue masista wa Loreto, maana Kenya wanajulikana sana: shule ya Msongari, Nairobi, tangu 1921, ya Limuru tangu 1936. Mizizi yao ni Mary Ward, Mwingereza aliyeanzisha shirika lake Saint-Omer, mji ulio Ufaransa ya leo, mwaka 1609, wakati kwao Mkatoliki alisali kwa kujificha. Alitaka wanawake waishi utawa kwa mtindo wa Wajesuiti: wasifungiwe ndani ya kuta za monasteri, watoke, wafundishe wasichana. Roma haikuvumilia. Mwaka 1631 Papa Urbano VIII alilivunja shirika, na Mary mwenyewe akafungiwa katika konventi moja ya Munich. Humo ndani alituma barua zilizoandikwa kwa maji ya limau. Mpokeaji anapasha karatasi moto, maandishi yanajitokeza. (Watoto wangu wameisikia hadithi hii mpaka wameichoka.) Kanisa lilikuja kukubali aitwe mwanzilishi mwaka 1909.

Aliacha maneno matatu ya kuwaongoza: uhuru, haki na ukweli wa moyo. Ufukara ni nadhiri ya sista. Shule haina nadhiri, ina bili ya umeme. Hapo mzee alikosea. Alipopatia ni hapa: shirika lililoteswa kwa kukataa kuta leo limejengewa ukuta wa karo, na wengine wamo humo kwa raha zao. Tena msiniambie haiwezekani. Kolkata, India, kuna shule ya Loreto, Sealdah. Sista Cyril Mooney alianza kuiongoza 1979, akaongeza wasiolipa mpaka wakakaribia nusu ya wanafunzi, na watoto wa barabarani wakapewa mahali pa kusomea ndani ya jengo lilelile. Nairobi kuna nini kinachozuia?

Mama Watatu, Kiambu

Polepole, ndugu yangu. Umeziweka shule mbili kwenye kapu moja. Limuru ni shule ya umma. Masista ni wadhamini. Walimu ni wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, karo inapangwa na wizara, na kwa shule za kitaifa za bweni tumezoea kuandikiwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Ukitaka kulia, kalie Jogoo House, kwenye ofisi za wizara. Ya binafsi ni Msongari.

Halafu hesabu yenyewe. Zamani ungekuta masista darasa baada ya darasa, na hakuna aliyekuwa na mshahara wa kupeleka nyumbani. Elimu ilikuwa rahisi kwa sababu wanawake hao walikuwa wanailipia kwa maisha yao. Leo utamwona sista mmoja ofisini, labda na mwingine wa bweni, waliobaki wote ni walimu wenye watoto na kodi ya nyumba. Unataka mwalimu wa fizikia naye aweke nadhiri?

Mstaafu, Morogoro

Habari zenu, majirani. Huku kwetu jambo hili tulilimaliza kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Marian College ya masista wa Maryknoll, hapa Morogoro, ikawa Kilakala, shule ya serikali. Uchaguzi wa wanafunzi ukawa wa serikali, dini ya mtoto haikuulizwa tena. Na Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere alikwenda New York akawaambia masista haohao wa Maryknoll kwamba Kanisa lisiposhiriki kuwatoa watu katika umaskini na uonevu litahesabiwa upande wa waonevu. Usoni kwao! Nilifurahi sana wakati ule.

Sasa niseme ukweli wangu. Mashirika yaliporuhusiwa kufungua shule tena, wazazi tulikimbilia na ada mkononi. Mjukuu wangu yuko kwa masista. Nilishangilia utaifishaji, na kila Januari nalipa. Mwenye neno aseme, nimejiandaa.

Mzazi, Mombasa

Mimi Muislamu, binti zangu wawili wamesoma kwa masista na hakuna aliyewashika mkono kuwapeleka kwenye ubatizo. Adabu na hesabu wamepata. Lakini ushungi ulitusumbua kila muhula, mpaka mdogo akawa anauvulia getini. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliokuwa umewaruhusu wasichana kuvaa hijabu katika shule ya Wamethodisti huko Isiolo. Mleta mada anataja uhuru. Huyo Mary Ward si ndiye aliyegombana na wakubwa ili wanawake wake wasilazimishwe kuishi na kuvaa kama watawa wengine? Basi.

Mleta mada, Nakuru

Mzazi wa Mombasa amenibana, na sina jibu zuri. Karama ya uhuru inayoishia getini ni karama nusu.

Mama Watatu, kwa Limuru nakubali, nilizichanganya shule. Kwa mishahara pia umenigusa. Lakini hata mkono wa mzazi anayelipa unaweza kubeba mtoto wa pili, kama Sealdah.

Mama Watatu, Kiambu

Sealdah ni shule ya kutwa! Mtoto anakuja asubuhi, anarudi kwao jioni. Hata Mary Ward shule zake za bure zilikuwa za kutwa, na mabweni yalikuwa ya wanaolipa. Kwetu tumefanya bweni ndiyo shule yenyewe. Sanduku la bati, godoro, viatu jozi mbili, nauli mara sita kwa mwaka, orodha ya vitu inamshinda mama kabla hajafika kwenye karo. Fungueni madarasa ya kutwa pembeni mwa shule hizi. Limuru kuna binti za wachuma majani ya chai wanaosikia kengele ya masista kila siku, na wanapita getini wakienda kwingine.

Binti wa Bweni

Nimesoma kimya, sasa niseme. Baba yangu alikuwa mlinzi. Nililipiwa na parokia. Kama ningekuwa wa kutwa, ningetoka darasani nikateke maji, nipike, nilaze wadogo zangu wanne, kisha kibatari kiishe mafuta saa tatu. Bwenini nilichukia kengele ya saa kumi na moja alfajiri, uji wa maji, na yule sista aliyepita na tochi kukagua kama tumelala. Lakini ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kukaa jioni nzima na kitabu bila mtu kuniita. Kabla hamjaliondoa bweni, semeni wa kutwa atasomea wapi usiku.