Maji ya kisima yamepimwa yako safi ila vifaranga wanaharisha, shida nini?

Broila_Mwenyewe: Wakuu naombeni msaada. Maji natoa kisimani yanapanda tankini halafu yanashuka kwa bomba mpaka drinka za chuchu (zile kuku anadonoa ndo maji yanatoka). Maabara walipima kisima hamna E. koli (bakteria wa kinyesi) kabisa, ila kila bachi ikifika wiki ya pili wanaharisha, nawapa antibayotiki wanatulia, nikiacha inarudi. Klorini naweka tankini. Ni maji kweli au nahangaika bure?

KukuTu: Mkuu kuku hawanywi kisimani. Chukua sampuli chuchu ya mwisho kabisa kwenye laini, kwa chupa ya maabara, iwahi kufika ikiwa kwenye ubaridi. Halafu fungua kiungio kimoja upitishe kidole ndani, ukikuta ute unateleza ndo makazi ya bakteria hayo, E. koli, Sudomonasi, hata Salmonela. Na wakati wa bruda (kulea vifaranga kwa joto) ndo balaa maana joto liko juu, vifaranga wanakunywa kidogo, maji yanalala bombani, ukiongeza vitamini na glukosi umewapikia bakteria.

Broila_Mwenyewe: Vitamini naweka sana tu 😅 sasa klorini inafanya kazi gani humo?

Vet_wa_Kijiji: Pima pH ya maji (kipimo cha asidi). Ikipita 8 klorini inabaki harufu tu, nguvu inakuwa ndogo sana, inataka 6 mpaka 7 hivi. Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua, tunaitafuta 2 mpaka 4 ppm (miligramu kwa lita) kwenye chuchu ya mwisho sio tankini, na hata ukiipata, ute ulioshaota haiung'oi. Subiri banda liwe tupu, jaza laini zote haidrojeni peroksaidi kwa kipimo cha lebo, iache masaa iliyoandikwa, halafu sukuma maji kwa presha mpaka yatoke safi. Usijaribu kuku wakiwemo, ute ukibanduka unaziba chuchu. Ukitaka kushusha pH kwa asidi usiichanganye na klorini ndoo moja, ile gesi itakuua wewe kabla ya bakteria. Na hizo antibayotiki acha kubahatisha, peleka waliokufa wapasuliwe, huenda ni koksi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo) wala sio maji.

mama_vifaranga: Naongezea, chanjo ya kideri au Gumboro ukiipitisha kwenye maji, klorini uitoe mapema, siku moja au mbili kabla, inaua chanjo yote.

Broila_Mwenyewe: Nimewaelewa. Tanki halina mfuniko, nianze na hilo?

KukuTu: Mfuniko weka leo leo, sampuli kesho asubuhi.