Naomba ushauri: dada anakunywa mvinyo kila jioni, na mama aliugua saratani ya matiti

Habari zenu wapendwa. Mama yetu alitibiwa saratani ya matiti, na dada yangu kila jioni lazima anywe glasi mbili za mvinyo. Nikimgusia ananijibu, "Mbona silewi?" Lakini hoja si kulewa. Pombe hupandisha homoni ya estrojeni, na mwili ukiivunja pombe hutoa asetaldehidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli. Hatari ya saratani ya matiti huongezeka hata kwa kinywaji kimoja kwa siku, iwe bia, mvinyo au pombe kali. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiwango kilicho salama.

Nampenda mno, sitaki aone namsimanga. Mliowahi kuzungumza na ndugu kuhusu hili, mlianzaje? Na je, kwa historia ya mama, aanze mapema kupimwa matiti?