Jumuiya imejaa hofu ya wavamizi wa usiku: niongozeje somo na maombi?

Mwana_Jumuiya
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki ijayo ni zamu yangu kuongoza jumuiya. Huwa tunafika watu kama 12, jioni, na muda ni saa moja. Mtaani nyumba zinavunjwa usiku na watu hawalali. Tukikutana, maombi yanaishia kukemea "roho ya woga", kisha kila mtu anarudi kwake na hofu ileile. Nimefikiria Zaburi 91 na ile hesabu kwamba Biblia inasema "usiogope" mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Naomba mpangilio: vifungu, muda, na mambo ya kuepuka.

Mwinjilisti_Mstaafu
Amina. Hiyo 365 iache. Fungua itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoorodhesha kila neno na mahali lilipo, uhesabu mwenyewe, haifiki. Mtu akija kugundua, ataanza kutilia shaka na yale ya kweli uliyofundisha.

Zaburi 91 ni nzuri lakini usianze nayo. Watu wameshaigeuza hirizi: Biblia inafunguliwa hapo na kuwekwa chini ya mto. Kumbuka mstari wa 11 na 12, wa malaika kukulinda, ndio Shetani alioutumia kumjaribu Yesu ajirushe kutoka hekaluni (Mathayo 4:6). Mwenye hofu akiipokea kama hati ya kinga, siku mlango wake ukivunjwa imani nayo inavunjika.

Tumia Zaburi 56. Kichwa chake kinasema Daudi alikuwa ameshikwa na Wafilisti huko Gathi, na 1 Samweli 21:10-15 inaeleza alivyomwogopa mfalme Akishi hata akajifanya mwendawazimu. Huyo ndiye anayesema mstari wa 3: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hofu ipo, kutumaini kupo, siku ni moja. Hilo ndilo somo lenu.

Saa moja igawe hivi. Dakika 5 wimbo na sala fupi. Dakika 10 za kutaja hofu: kila mtu sentensi moja tu, "Naogopa kwamba...". Asiyetaka kusema aandike kwenye kikaratasi bila jina. Usiruhusu simulizi za uvamizi hapa. Ya kwanza ikianza, zitafuata nyingine na hofu itapanda badala ya kushuka. Dakika 15 soma Zaburi 56 mara mbili, wasomaji wawili tofauti, na kimya kidogo katikati. Dakika 20 maombi, kila aombaye abebe hofu ya aliyeketi kulia kwake, kwa jina la ile hofu yenyewe. Dakika 10 za mwisho ni za makubaliano, nani atafanya nini wiki hii. Jumuiya nyingi hukata hizi kumi kwa sababu chai imeiva. Usikate.

Kuhusu kukemea: 2 Timotheo 1:7, "Mungu hakutupa roho ya woga", isomwe pamoja na mstari wa 8. Paulo yuko kifungoni, anamwambia Timotheo asiuonee haya ushuhuda wa Bwana wala yeye mfungwa wake. Woga unaosemwa pale ni wa kurudi nyuma katika wajibu. Anayeshtuka mbwa wakibweka saa nane usiku hahitaji kukemewa mbele za watu. Mkimkemea, wiki ijayo ataficha.

Katekista
Tumsifu Yesu Kristo. Naongeza jambo dogo: kama kuna Wakatoliki kati yenu, baadhi ya vitabu vya sala vinahesabu Zaburi kwa namba pungufu kwa moja, 91 inakuwa 90, 56 inakuwa 55. Tangaza maneno ya mwanzo wa Zaburi, si namba peke yake, la sivyo nusu ya watu watasoma kitu kingine.

Kwenye makubaliano soma Nehemia 4:9. Waliokuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu huku adui wakiwatishia waliomba na wakaweka walinzi mchana na usiku, sentensi moja.

Nesi_wa_Zamu
Niseme upande wa mwili. Mtu akishtuka usiku moyo ukaenda mbio, akae kitako, miguu sakafuni. Avute pumzi puani kwa hesabu ya 4 akisema moyoni "Siku ya hofu yangu", aitoe polepole kwa hesabu ya 6, "nitakutumaini Wewe". Dakika tano zinatosha. Kosa la kawaida ni kuvuta kwa nguvu na kwa haraka: kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachonyota, naye anadhani anakufa. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Mkitangaza mfungo, wenye kisukari, wajawazito, wanaonyonyesha na walio kwenye dawa za TB au ARV wasiache chakula wala dawa. Wafunge kitu kingine, simu kwa mfano. Eliya alipokimbia na kutamani kufa, malaika alimpa mkate na maji, akalala, akala tena, ndipo safari ya Horebu (1 Wafalme 19:5-8). Na asiyelala wiki mbili mfululizo, au anayesema heri afe, apelekwe hospitali huku mkiendelea kumwombea. Maumivu ya kifua yasingoje hata kesho.

Mwana_Jumuiya
Asanteni sana. Kuna mama mjane aliyevunjiwa. Aliomba usiku uleule. Sasa anauliza kama imani yake ilikuwa ndogo. Nimjibuje?

Mwinjilisti_Mstaafu
Usimjibu mbele ya kikundi, nenda kwake na mama mwenzake mmoja. Msomeeni Matendo 12: Yakobo anauawa kwa upanga mstari wa 2, Petro anatolewa gerezani sura hiyohiyo. Hakuna palipoandikwa kwamba Yakobo alikuwa na imani pungufu. Vijana watatu wa Danieli 3:17-18 walisema Mungu aweza kuwaokoa, "bali kama si hivyo", hawataisujudu sanamu ya mfalme. Karibu yetu kuna Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa 16 Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji. Usimwambie "Mungu ana makusudi" siku ya kwanza. Uliza kwanza kitasa kimerekebishwa au bado.

Katekista
Kwenye kitasa hapo naunga mkono. Nehemia 4:19-20 inasema watu walikuwa wametawanyika ukutani, mbali mbali, ndiyo maana wakapatana mlio wa tarumbeta. Ninyi tumieni filimbi: moja kila nyumba, mipigo mirefu mitatu maana yake njooni, na anayesikia apige yake kabla ya kutoka. Msitoke mmoja mmoja. Mjulisheni balozi wa nyumba kumi na kikundi cha ulinzi shirikishi cha mtaa kabla ya kuanza, wasije wakawadhania ninyi ndio wezi. Filimbi ya huyo mama inunuliwe na jumuiya.